Barua kwa mwanangu: Mbio za Montreal

Mwanangu Salim,

Asalaam aleikum. Huku Ngamiani, Tanga, hatujambo, ila bibi yako miguu bado inamsumbua. Siku ile mkimbiaji wetu Simbu aliposhinda marathoni ya dunia kule Tokyo, tukalia wote kwenye simu, uliniuliza swali nikakwambia nitakujibu kwa kalamu. Uliuliza: mwaka 1976 tuliposusia Olimpiki ya Montreal, tulipata faida gani?

Ya faida waulize waliosomea siasa. Mimi nitakueleza habari ya kubaki nyumbani, maana hiyo naijua.

Mwaka ule nilikuwa na miaka 16, nakimbia mita 800. Unaikumbuka redio ya babu yako, ile ya kitambaa cha kufuma. Ndiyo iliyotuletea Filbert Bayi, mkimbiaji wetu. Mwaka 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, aliongoza mita 1500 tangu mwanzo hadi utepe: dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand alimfukuza mpaka naye akaipita rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili! Mtaa mzima watoto tukawa Bayi, hata sisi wasichana. Nikajifunza kukimbia kama yeye: toka mbele, usimngoje mtu. Hivyo ndivyo nilivyoshinda uwanja wa Mkwakwani mwezi wa Juni 1976, miguu mitupu.

Washindi tulikuwa twende Moshi kwa treni, tukakimbie huko. Bibi yako aliamka usiku kunikaangia vitumbua, akavifunika kwenye kikapu cha ukindu. Nikafika stesheni alfajiri. Mwalimu akasoma majina, langu halimo. Akaitwa msichana aliyekuwa wa tatu. Nikauliza, nikaambiwa orodha imeshafungwa. Basi. Nilisimama pale mpaka behewa la mwisho likapotea, vitumbua vingali na moto mkononi. Nikaenda navyo ufukweni Raskazone, nikavimwaga baharini. Chakula cha mama yangu, Salim. Hadi leo naomba msamaha.

Wiki chache baadaye redio ikatangaza kwamba timu yetu haikimbii Montreal. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa Afrika Kusini inacheza na makaburu, damu ya watoto waliouawa Soweto haijakauka, na Kamati ya Olimpiki imekataa kuiondoa New Zealand. Nchi zaidi ya 20, nyingi za Afrika, zikajitoa, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Babu yako akapiga meza: "Vyema!" Mimi nikatoka uani nikalia. Akadhani naililia Soweto.

Dhahabu ya mita 1500 akaichukua Walker, dakika 3 na sekunde 39.17. Hesabu mwenyewe, ni karibu sekunde 7 nyuma ya Bayi wa Christchurch. Najua utasema mbio za medali ni za kuviziana, muda si hoja. Kweli. Na Bayi angeweza kuishiwa pumzi kona ya mwisho. Lakini angekuwapo, nani angepata nafasi ya kuvizia? Mbio hukimbiwa siku yake, nimekwambia tangu uko darasa la pili. Moscow mwaka 1980 alikwenda, akaleta fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, na mwenzake Suleiman Nyambui akaleta fedha ya mita 5000. Hizo ndizo medali zetu za Olimpiki hadi leo, mbili tu. Nazipenda. Ila ile mita 1500 ya Montreal hakuna Moscow iliyoirudisha. Mbio hukimbiwa siku yake.

Lakini nisidhulumu. Mimi niliachwa kwa uonevu, Bayi alibaki kwa ajili ya watu waliokuwa wanauawa. Hayo hayalingani, na najikemea kila nikiyalinganisha. Mwaka uliofuata nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana kule Gleneagles, Scotland, kuzuia michezo na Afrika Kusini ya makaburu, na Olimpiki iliendelea kuifungia mlango nchi ile hadi Barcelona mwaka 1992. Kwa hiyo haikwenda bure. Halafu namkumbuka kijana wa miaka 23, mapafu yamejaa, anaambiwa hakimbii, na maneno yananiishia.

Unataka niseme ilikuwa sawa au haikuwa. Ulimi unaniwasha, wallahi. Babu yako alikufa akiamini ilikuwa sawa, naye alikata mkonge wa walowezi, alijua anachokisema. Mjomba wako Hamza anasema tulijikata miguu wenyewe. Mimi nina langu, ila silitii kwenye karatasi.

Njoo Idi na wajukuu zangu. Mkeo asihangaike kuniletea vitumbua. Miaka yote mmedhani ni tumbo.

Mama yako