Jiwe la grinda: maswali yenu

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu grinda ya mezani, ile yenye mawe mawili.

Nimenunua jiwe jipya. Nitajuaje kama lina ufa? (Fundi vyuma, Morogoro)

Lisikilize. Lining'inize likiwa kavu, kidole tunduni, uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi, si kwa chuma. Jiwe zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti butu kama chungu kilichopasuka. Hilo livunje kabisa, maana ukilitupa kando ipo siku mwenzako atalifunga.

Kisha soma lebo. Mzunguko ulioandikwa usiwe chini ya ule wa mashine. Kwa umeme wetu wa hezi 50, grinda nyingi huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Zile karatasi za duara ubavuni usizibandue, ndizo zinazogawa mkandamizo. Nati kaza kiasi tu, na ya kushoto hufunguliwa kinyume.

Shikamoo fundi. Bosi anataka nivae glovu kwenye grinda. Ni sawa? (Mwanagenzi, Tanga)

Marahaba mwanangu. Usivae. Nimewahi kusimama hatua mbili kutoka kwa kijana ambaye jiwe lilinasa uzi wa glovu yake, na mkono ukafuata kabla hajapiga kelele. Kipande kikipata moto, kichovye majini. Kikiwa kidogo, kishike kwa praizi. Mwonyeshe bosi wako jibu hili, kwa heshima. Kinachotakiwa ni miwani ya kinga inayofunika hadi pembeni, na mikono ya shati ikunjwe.

Patasi yangu ilibanwa kati ya jiwe na kile kibao cha kuegemezea. Nilikosea wapi?

Pengo. Jiwe huliwa kila siku, nafasi inapanuka bila wewe kuona. Isizidi milimita 3; bati la juu lisizidi milimita 6 kutoka kwenye jiwe. Rekebisha mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme, kisha lizungushe jiwe kwa mkono uone haligusi popote.

Naweza kusaga aluminiamu?

Hapana. Inaziba vinyweleo vya jiwe, jiwe linapata joto na linaweza kupasuka. Tumia tupa.

Nikiwasha nisimame wapi?

Kando, kamwe si mbele ya jiwe. Liache lizunguke dakika nzima bila kazi. Likitetemeka, zima.