Ifungue kabla hujaiwasha: majibu kwa wenye kompyuta za zamani

Fundi, shikamoo. Nimepewa kompyuta ya 386 (jina la chipu yake kuu) iliyolala stoo ya ofisi tangu miaka ya 90. Inawaka ila inasahau tarehe, na kibodi haifanyi kazi hata nikibadilisha nyingine. Nianzie wapi? (Msomaji wa Tanga)

Marahaba. Izime kwanza, uchomoe waya ukutani. Fungua kasha, tazama karibu na tundu la kibodi: huwa kuna betri yenye umbo la pipa dogo, volti 3.6, imelehemiwa kwenye bodi. Hiyo ni ya nikeli na kadimiamu. Ikizeeka huvuja, na watu wengi hudhani kinachovuja ni asidi. Ni alkali. Hutambaa chini ya chipu na kula njia za shaba taratibu, na kwa kuwa chipu inayoongoza kibodi huwa jirani yake, kibodi huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufa. Nashuku ndiyo hali yako.

Ikate leo hii, usingoje kupata nyingine. Palipoota ukoko wa kijani papake siki nyeupe kwa mswaki mkuukuu. Mara nyingi hutoa povu. Rudia mpaka povu likome, suuza kwa maji safi, malizia kwa spiriti, kisha uianike kivulini mpaka ikauke kabisa. (Maji hayaui bodi isiyo na umeme. Kinachoiua ni haraka ya kuiwasha.) Halafu chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye mlio (hulia njia ikiwa haijakatika), ufuate kila njia kutoka tundu la kibodi hadi kwenye chipu. Njia iliyogeuka nyeusi huenda bado ni nzima, iache. Isiyolia, iunganishe kwa waya mwembamba.

Tahadhari moja: usipachike CR2032, betri bapa kama sarafu, mahali pa betri ile. Bodi huichaji betri yake, na lithiamu ya aina hiyo haichajiwi, inaweza kupasuka. Weka dayodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) katikati ya betri na bodi, au tafuta pini nne za betri ya nje, bodi nyingi zinazo. Betri yenyewe ining'inize mbali, ikivuja tena isikudhuru.

Nimenunua kompyuta ya zamani ya BBC Micro mnadani. Ikawaka vizuri, baada ya muda ikatoa moshi mzito unaonuka vibaya, lakini iliendelea kufanya kazi! (Msomaji, Leicester)

Iliendelea kwa sababu kilichoungua ni kapasita (kifaa kinachoshika umeme kwa muda) ya kuchuja kelele za umeme wa ukutani, na kompyuta yenyewe haiitegemei. Ni ile yenye ganda la rangi ya kaharabu. Ganda hupata nyufa kwa miaka, karatasi iliyo ndani inafyonza unyevu, na siku unapowasha ndipo inaungua. Weka mpya ya daraja la X2, thamani ileile. Ya kawaida usiiweke hata kama namba zinalingana, maana hapo inabeba umeme wa ukutani moja kwa moja. Na kabla ya kuingiza mkono kwenye pawasaplai (sehemu inayoigawia kompyuta umeme), pima kapasita kubwa: kwa umeme wa 230 hushika takriban volti 325, nayo haitoki palepale ukichomoa waya.

Kompyuta yangu ya 486 nimeitia kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash ya GB 4 badala ya diski. Inaona MB 504 tu.

Kadi ni nzima. BIOS (programu ya kuanzishia kompyuta) za enzi hizo huhesabu diski kwa silinda 1024, vichwa 16 na sekta 63, yaani MB 504, basi. Kwa DOS na Windows 3.1, MB 504 ni kiwanja kizima, mimi nisingehangaika.

Plastiki imekuwa ya njano. Niipake dawa ya kung'arisha nywele?

Haidrojeni peroksaidi iliyomo kwenye dawa hiyo, pamoja na jua, huirudisha, ila hubaki mabaka ukipaka ovyo, na njano hurudi. Sabuni inatosha.

Mjomba ameniletea kompyuta ya Commodore 64 kutoka Marekani. Nitumie transfoma ya kushusha umeme? (Zanzibar)

Transfoma itashusha 230 kuwa 120, lakini shida kubwa ni lile tofali la umeme (pawasaplai ya nje) lililokuja nayo. Likichakaa, volti 5 zake hupanda na kuchoma chipu za kumbukumbu. Tafuta jipya, linalotoa volti 5 za DC na volti 9 za AC. Na picha ikitoka bila rangi, usifungue chochote: mashine ni ya NTSC, televisheni yako ya PAL, mifumo miwili tofauti ya picha.