Usilikwangue kangaga la ukutani

Nilipohamia Kendal, kaskazini mwa Uingereza, ukuta wa nyuma ya nyumba ulikuwa umeota makangaga madogo kila penye ufa. Kwetu mimea ikiota ukutani watu husema nyumba imetelekezwa. Basi nikachukua kisu, nikakwangua upande mzima. Hadi leo najuta.

Ukilikuta, chuma jani moja ulitazame. Uti wake ni mweusi, unang'aa, mwembamba kama waya. Huku na huku vimepangana vijani vya mviringo, vidogo kama punje za kunde. Ligeuze: chini kuna vistari vya kahawia. Mna spora humo, vumbi linalopeperuka na kuotea ufa mwingine, maana kangaga halina ua wala mbegu. Theluji ikianguka, lenyewe bado kijani. Jina lake la kitaalamu ni Asplenium trichomanes, alilolitoa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753.

Linachopenda pale ni chokaa. Kuta nyingi za zamani za huku ni za mawe yaliyoungwa kwa chokaa na mchanga, kama nyumba za Mji Mkongwe kule Unguja. Chokaa hunywa maji na kuyatoa. Baada ya kukwangua, fundi niliyemwita akaziba nafasi zote kwa saruji. Baridi ya pili tu, nyuso za mawe zikaanza kubanduka: maji yalinaswa ndani, yakaganda, yakavimba. Niliitoa saruji yote kwa patasi, kidogo kidogo, nikarudishia chokaa. Ukuta wako ukiwa wa zamani, kataa saruji, hata fundi akuhakikishie nini.

Kuyarudisha makangaga kulinichukua muda. Mawili niliyoyang'oa nyufa za chini niliyapanda kwenye chungu chenye mboji nyingi, yakaoza. (Na ukuta usipokuwa wako, omba ruhusa, kung'oa mmea wa porini bila idhini ya mwenye ardhi ni kosa hapa kwa sheria ya 1981.) Nunua miche midogo, uipande majira ya kuchipua, upande usiochomwa na jua la mchana. Ipachike kwa ubavu ndani ya ufa, uikaze kwa kokoto na udongo kidogo, unyunyizie maji mpaka ishike.

Nilipanda minane, mitano ikashika. Mwezi uliopita nimeona kikangaga kingine ukuta wa mkabala, kidogo kama ukucha. Hapo sikupanda kitu.