Kabla ya Kurusha Meli ya Angani: Kwa Wanaoanza Kuandika Stimpanki

Wengi wanaoanza kuandika stimpanki (steampunk), yaani visa vya sayansi ya kubuni vyenye mitambo ya mvuke, ambavyo mara nyingi hukaa katika Uingereza ya Malkia Victoria (1837–1901), huanza na mtambo. Boila huchorwa, gia hupangwa, miwani ya shaba huvalishwa, kisha ndipo anatafutwa mtu wa kuuendesha. Kama kisa chako ni cha mtoto wa mhunzi anayetaka kuketi meza moja na malodi, geuza mpangilio huo. Jua kwanza mtambo ni wa nani, nani anaulipia, na siku wakigombana zana za karakana zitabaki kwa nani.

Swali la zana si dogo. Charles Babbage, mtoto wa mwenye benki, aliajiri fundi Joseph Clement, mtoto wa mfumanguo, amtengenezee mashine ya kukokotoa. Kufikia 1832 kilichounganishwa kilikuwa kama sehemu ya saba tu ya mashine nzima. Babbage akataka kazi ihamie karakana mpya karibu na nyumba yake, Clement akadai fidia, na 1833 kazi ikasimama. Kwa desturi ya ufundi ya wakati ule zana zilikuwa za fundi, hata kama mteja ndiye aliyezigharimia. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikiugharimia mradi huo, ilipojitoa mwaka 1842 ilikuwa imeshatoa takriban pauni 17,000. Hapo una ugomvi wa kitabaka ulio tayari: mwenye jina hana mikono, mwenye mikono hana jina, na kila mmoja anaamini mashine ni yake. Mwandishi mchanga angemleta jasusi aibe michoro. Jasusi wa nini?

Skurubu nayo ni jambo la tabaka. Zamani kila karakana ilikata hesi zake, yaani mizunguko inayochongwa kwenye skurubu, kwa hiyo nati ya fundi mmoja haikuingia kwenye bolti ya mwingine. Joseph Whitworth, aliyepitia karakana ya Clement, alipendekeza mwaka 1841 hesi ya kipimo kimoja, yenye pembe ya nyuzi 55. Tarehe hiyo ikumbuke unapopanga kisa. Meli ya angani ikiharibika mwaka 1838, lodi hana budi kumbembeleza fundi yuleyule aliyeiunda. Hesi za kipimo kimoja zikishaenea, anaweza kumfukuza na kuita mwingine. Whitworth mwenyewe alipanda, akapewa mwaka 1869 cheo cha baroneti, cheo cha kurithiwa kilicho chini ya lodi.

Akishapewa cheo hicho anaitwa Sir Joseph. Kumwita Sir Whitworth ni kosa, na ndilo kosa linalomuumbua mtu aliyejifunza uungwana kwa kuchungulia. Mke wake ni Lady Whitworth. Lady likifuatwa na jina la kwanza ni la binti wa duke, marquess au earl, vyeo vitatu vya juu vya malodi. Msimamizi wa nyumba na mpishi huitwa Mrs hata kama hawajaolewa. Mnyweshaji (butler, mkuu wa watumishi wa kiume) huitwa kwa jina la ukoo, kavu.

Kwenye Kiswahili hapa ndipo wengi tunapotegwa. Shikamoo yetu hufuata umri, na utumishi wa London haukujali umri: mnyweshaji wa miaka 60 humnyenyekea mtoto wa miaka kumi. Ukimwamkisha mtoto huyo shikamoo kwa mzee, umeivunja nyumba nzima kwa neno moja. Mpe mzee neno "bwana mdogo" na mtoto aite jina la ukoo tu. Wala usimpe kibarua wa London Kiswahili cha vijiweni ili aonekane wa chini. Msomaji atamwona kondakta wa daladala. Tabaka lionekane kwa nani anaanza kusema, nani anakaa, na nani anakatizwa.

Pesa ziandikie jedwali pembeni. Shilingi yetu ni senti 100. Ile yao ilikuwa peni 12, na pauni ilikuwa shilingi 20. Gini ni shilingi 21, na humo ndimo daktari na wakili wa mahakamani walimohesabia ada zao, wakati fundi alihesabiwa shilingi. Kwa watumishi, Isabella Beeton, mwandishi wa kitabu cha kuendesha nyumba, alitoa kiwango mwaka 1861: kipato cha pauni 1,000 kwa mwaka kinabeba watumishi watano, 500 watatu, na 150 hadi 200 mmoja wa kazi zote. Mvumbuzi wako wa pauni 200 akifunguliwa mlango na mnyweshaji, msomaji makini ataanza kutafuta mwizi.

Njia za kupanda tabaka nazo zina tarehe. Uofisa wa jeshi la nchi kavu ulinunuliwa hadi 1871, hivyo kabla ya hapo pesa za mtambo zinaweza kumnunulia kijana cheo cha kapteni. Mtihani wa ushindani wa kuingia utumishi wa serikali ulifunguliwa kwa upana mwaka 1870.

Kwa shujaa wa kike, angalia mwaka kwa makini zaidi. Akiwa fundi mwenye hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, na akaolewa na mtoto wa lodi mwaka 1860, mamlaka juu ya mali yake yanahamia kwa mume. Sheria ya 1870 ilimwachia mke mshahara wake, na ile ya 1882 ndiyo iliyomwachia mali kwa mapana. Kabla ya hapo njia iliyobaki ni mali kuwekwa mikononi mwa wadhamini kwa mkataba wa kabla ya ndoa. Ukitaka aolewe na mtambo ubaki wake, sura ya wakili itangulie sura ya harusi.