Swali la lugha: Huyu Alba ni nani?

SWALI: Maalim, asalamu alaykum. Mwanangu wa darasa la pili katokwa na mabaka mashavuni, na dakta kaandika "pityriasis alba". Jirani mmoja akasema hiyo alba ndiyo mba, mwengine akasema ni barasi, ule ugonjwa wa mabaka meupe ya ngozi, roho ikanitoka. Kaka yake mtoto akanionyesha kitabuni kuwa mlilana ni "Sonneratia alba" na bundi ni "Tyto alba". Huyu Alba ni nani hata aingie kwenye mti, ndege na ngozi ya mwanangu?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Alba si mtu, si ukoo, wala si mba. Ni sifa ya Kilatini yenye maana ya "-eupe".

Nimeweka kistari makusudi, kwani Kilatini nacho kina upatanisho. Sisi twasema kitambaa cheupe, jiwe jeupe, nguo nyeupe. Wao majina yao ni ya kiume, ya kike, au si ya huku wala huko, na sifa hii huyafuata: albus, alba, album. Ndiyo maana kunguru mwenye kifua cheupe ni Corvus albus, mlilana ni Sonneratia alba, na msandali ni Santalum album.

Iko nukta moja inayonifurahisha kila ninapoifundisha. Mforsadi huitwa Morus alba. Mwanafunzi aliyekwisha kukariri kwamba -us ni ya kiume atauliza, mbona si albus? Jibu analo kwenye lugha yake mwenyewe. Kipepeo ana umbo la ki-, lakini hatusemi "kipepeo cheupe", twasema kipepeo mweupe, kwa kuwa ni kiumbe chenye uhai na uhai unashinda umbo. Kwa Warumi, miti kwa kawaida ilihesabiwa ya kike hata jina likiishia kwa -us. Maana ikashinda umbo, vilevile kama kwetu.

Basi kuwa na alba pamoja si undugu. Bundi yule ana uso mweupe wenye umbo la moyo. Ama mlilana, usitafute weupe kwenye majani, tazama ua. Hufunguka magharibi ikiingia, na nyuzi zake nyeupe zinakuwa zimeshapukutika asubuhi.

Sasa mtoto. "Pityriasis" inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya pumba za nafaka, kwa ajili ya yale magamba membamba yanayobanduka juu ya ngozi. Mba tunayoijua sisi, yenye mabaka kifuani na mgongoni, madaktari huiita pityriasis versicolor, yaani yenye rangi za kugeuka, na hiyo chanzo chake ni fangasi. Ya mwanao siyo hiyo. Haisababishwi na fangasi na haiambukizi, kwa hiyo asitengwe na wenzake skuli. Dawa na mafuta muulize dakta wake.

Barasi nayo ni mbali zaidi. Ni neno la Kiarabu, lile lile lililomo katika Kurani pale Nabii Issa anapowaponya wenye barasi kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Nakuombeni sana, mtoto asipachikwe neno hilo mtaani. Likishamganda, halitoki hata mabaka yakipona.

Kwa Kiswahili tusemeje? "Mba nyeupe" naikataa, maana inarudisha kosa la jirani yako. Tunacho kitenzi "kupauka", ambacho hubeba mambo mawili kwa pamoja: rangi kufifia bila ya kutoweka, na ngozi kukauka. Ndivyo yalivyo mabaka haya hasa. Sema "mabaka yaliyopauka", na kila mama wa Wete atakuelewa.

Neno lenyewe, kwa kweli, limo vinywani mwetu siku nyingi. Albamu ya picha za harusi ni "album" ile ile, ambayo kwa Warumi ilikuwa ubao mweupe wa kuandikia matangazo ya watu wote. Ualbino nao unatokana na albus, kwa kupitia Kireno.

Na kijana wako akiandika daftarini, Sonneratia ianze kwa herufi kubwa, alba kwa ndogo. Ni sifa, si jina la mtu.