Sauti Zilizobaki Upande wa Pili

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kuhusu waimbaji wa soul wa Marekani wa miaka ya 60, wale ambao santuri zao ndogo za 45 (zinazozunguka mara 45 kwa dakika) zilipotea kabla hazijafika mbali. Nimefurahi, maana haya ni mambo ninayolala nayo na kuamka nayo.

Nimezoea Otis Redding na Aretha Franklin. Ukinichagulia mwimbaji mmoja tu aliyesahaulika, atakuwa nani? (Msomaji, Arusha)

James Carr. Alizaliwa Mississippi mwaka 1942, akakulia Memphis akiimba injili, kisha akachukuliwa na Goldwax, kampuni ndogo ya mjini humo. Mwaka 1966 watunzi Dan Penn na Chips Moman walikuwa Nashville kwenye mkutano wa watangazaji wa redio. Wakiwa katika mchezo wa karata wakapata wazo la wimbo, wakamwomba Quinton Claunch wa Goldwax chumba chake cha hoteli wakautungie humo. Akawapa kwa sharti moja: wimbo apewe Carr. Kwa muda wa nusu saa hivi, "The Dark End of the Street" ukawa tayari.

Ni wimbo wa wapenzi wanaoonana kwa siri, gizani, nao wanajua siku moja watafumaniwa. Carr hapigi makelele wala hajilizi. Anaimba taratibu, kwa sauti nzito, kama mtu anayekiri kosa mbele ya wazee. Akifika pale anaposema kwamba watapatikana tu, anarudia maneno hayo hayo na sauti inapanda. Kisha anaishusha, kana kwamba amekumbuka kuna anayewasikia. Wimbo mzima hauzidi dakika tatu. Huyo Aretha wako aliuimba mwaka 1970, na wengi wakafuata. Bado sijamsikia aliyemfikia Carr.

Maradhi ya akili yalimwandama, safari na majukwaa vikamshinda, na Goldwax ikafungwa mwaka 1969. Alipopelekwa Japani mwaka 1979 aliduwaa jukwaani mbele ya watu, kuimba hawezi. Alifariki Memphis mwaka 2001. Tafuta pia "You've Got My Mind Messed Up" ya mwaka 1966, uisikilize usiku, nyumba ikiwa imetulia.

Tunabishana kazini. "Tainted Love" si wimbo wa Soft Cell? (Msomaji, Nakuru)

Ni wa Gloria Jones. Uliandikwa na Ed Cobb, ukatoka mwaka 1965 upande wa pili wa santuri ambayo hata upande wake wa kwanza haukuvuma. Mwaka 1973 DJ Mwingereza, Richard Searling, aliikuta nakala Marekani akarudi nayo kwao, vijana wa kaskazini mwa Uingereza wakaicheza kwa miaka. Soft Cell, kundi la Uingereza, waliurekodi mwaka 1981 ukashika namba moja kwao. Ukisikia wa Gloria utashangaa jinsi unavyokwenda mbio.

Nimesoma kwamba santuri moja ya soul iliuzwa pauni 100,000. Kweli? Na mwimbaji alipata nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ni kweli. Ni "Do I Love You (Indeed I Do)" ya Frank Wilson. Mwaka 1965 Motown, kampuni ya santuri ya Detroit, ilichapa nakala za majaribio zipatazo 250, kisha ikaghairi kuitoa na karibu zote zikateketezwa. Wilson akabaki kuwa prodyuza. Nakala moja iliuzwa pauni 25,742 mwaka 2009, na mwaka 2020 nyingine ikafika hizo 100,000.

Bei hizo zinatokana na wale vijana niliowataja. Katika kumbi kama Wigan Casino, iliyokesha na wachezaji kuanzia 1973 hadi 1981, watu walicheza hadi asubuhi bila pombe, na DJ alisifiwa kwa kuwa na santuri ambayo hakuna mwingine anayo. Wengine walibandika karatasi juu ya lebo na kutaja jina la uongo, ili wapinzani wasiijue. Nawashukuru sana watu wale, bila wao nyimbo hizi zingezikwa. Lakini hilo la karatasi linaniuma: mwimbaji aliyekwisha kusahauliwa kwao, anafichwa tena ugenini.

Santuri kuukuu ikiuzwa mkono kwa mkono, mwimbaji hapati hata senti. Mimi hununua matoleo mapya yenye leseni, kama ya kampuni za Kent ya Uingereza au Numero Group ya Chicago. Huko angalau kuna mkataba.

Shikamoo. Babu ameacha sanduku la santuri, zimo za soul na taarab. Nizisafishe kwa spiriti? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu. Usithubutu. Zile nzito za 78 zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huiyeyusha. Niliharibu moja hivyo nikiwa kijana na hadi leo sijapata nyingine. Tumia maji safi yenye tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, ufuate mzunguko wa mistari, lebo isilowe.

Kisha chukua hizo za soul, moja moja, uinamishe chini ya taa. Pale palipo laini, kati ya mwisho wa mistari na lebo, utaona namba imechorwa kwa mkono au imegongwa. Ilinganishe na iliyo kwenye lebo; bandia nyingi hukamatwa hapo. Nyingine za Marekani ni za plastiki ngumu, na lebo yake imegandishwa kwa gundi. Hizo usiziwekee sindano iliyochakaa, zinalika upesi.

Na wanawake? (Msomaji, Mombasa)

Lorraine Ellison, "Stay With Me", 1966. Frank Sinatra aliahirisha kurekodi huku okestra ya watu 46 imekwisha kukodiwa, prodyuza Jerry Ragovoy akapewa okestra hiyo amrekodi Lorraine. Anaanza kwa kunong'ona, anamaliza akipasua anga.

Yupo aliyekumbukwa akiwa hai? (Msomaji, Bujumbura)

Syl Johnson wa Chicago. "Different Strokes" yake ya mwaka 1967 ilipita, miaka ikaenda, akaingia kwenye biashara ya migahawa ya samaki. Kumbe wana hip hop walikuwa wanaikata vipande na kuitumia, Wu-Tang Clan wakiwemo. Johnson akaanza kuwadai mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2012 alimalizana na Kanye West na Jay-Z nje ya mahakama. Numero walikuwa wamekwisha kukusanya kazi zake za mwanzo mwaka 2010. Alifariki mwaka 2022, akiwa ameishi kuona jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya kasha.