Muziki wa Kumpa Rafiki: Wasomaji Wanauliza, Tunajibu

SWALI: Habari za kazi. Mwenzangu kazini ni kijana wa Bongo Fleva na singeli. Nilimtumia nyimbo ishirini za dansi la zamani kwa mpigo mmoja. Alisikiliza mbili, tena nusunusu, akaniambia zote zinafanana. Nimwanzishie wapi? – F.M., Ng'ambo, Tabora

JIBU: Ndugu F.M., mpe wimbo mmoja, na umwambie asikilize nini ndani yake. Nyimbo ishirini kwa mpigo hazisikilizwi na mtu yeyote, hata anayelipenda dansi. Atagusa wa kwanza na wa pili, basi.

Kwa nini alisema zinafanana? Wimbo wa dansi una nusu mbili. Nusu ya kwanza huenda taratibu: mwimbaji anasimulia, gita linamjibu, vyombo vya kupuliza vinaingia kati ya beti. Halafu inakuja chemko. Maneno yanapungua, kiitikio kinarudiwa, gita la solo linachukua usukani, gita la rithim linakaza chini yake na ngoma za tumba zinapanda. Aliyezoea Bongo Fleva anategemea kiitikio kabla ya dakika moja kuisha. Akikikosa anaruka wimbo unaofuata, na huko nako anakutana na mwanzo wa taratibu. Kwa hiyo amesikia mianzo miwili, chemko hajalisikia hata moja.

Tena kuna mtego wa santuri ndogo. Upande mmoja ulibeba dakika nne au tano hivi, hivyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: masimulizi upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Mtandaoni vipande hivyo vimewekwa kama faili mbili, sehemu ya 1 na sehemu ya 2. Hakikisha hukumtumia sehemu ya 1 peke yake.

Sasa chagua kwa kufuata sikio lake, lako liweke pembeni. Kwa upande wa singeli, anachotaka ni kasi, basi mpeleke moja kwa moja kwenye chemko: andika dakika inapoanza, mathalani "anzia 4:10", na mwanzo atarudi kuusikiliza mwenyewe. Kama kwenye Bongo Fleva anachopenda ni maneno, mpe wimbo wenye kisa. "Zuena" wa Marijani Rajabu akiwa na bendi ya Dar International unafaa sana, kwa sababu kila neno linasikika na kisa kinaeleweka bila maelezo. Na kwa kuwa mko Tabora, wa pili uwe "Dada Asha" wa Tabora Jazz, wimbo wa Shem Kalenga. Mji wenu ulikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids ya Salum Zahoro, na kijana wa Tabora anastahili kuyajua majina hayo matatu kabla ya bendi yoyote ya Dar es Salaam.

Akishazoea, mpe albamu nzima: *Songs for the Poor Man* ya Remmy Ongala na Super Matimila, ya mwaka 1989. Ilirekodiwa Uingereza, studio za Real World. Tunaiweka mbele ya kanda za redio kwa sababu ya sauti yake: besi ipo, magita yametenganishwa kushoto na kulia, na sikio la leo halipati shida. Aanze na "Kipenda Roho", kisha "Karola", ndipo asikilize yote kwa mpangilio wake. Ukianza na rekodi ya zamani yenye mchakacho, utatumia muda wako kuitetea rekodi badala ya muziki.

Jambo la mwisho kwako: asitumie spika ya simu. Spika ile ndogo haitoi besi, na katika rekodi za zamani besi yenyewe ilikuwa nyembamba tangu mwanzo. Kinachobaki ni solo na saksafoni vikipiga kelele. Hedifoni ya kawaida inatosha. Asipandishe besi kwenye mipangilio ya simu, maana mvumo wa kanda utapanda nayo. Apunguze kidogo sauti kali za juu.

SWALI: Ninampendekezea rafiki nyimbo za bendi ya Msondo, naye anasema kila akitafuta hazioni. Mimi naziona. Tatizo nini? – Mama S., Ujiji, Kigoma

JIBU: Mama, tatizo ni jina. Bendi hiyo ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikawa Juwata Jazz, ikawa OTTU Jazz, kisha Msondo Ngoma. Ilikuwa bendi ya jumuiya ya wafanyakazi, na jumuiya ilipobadili jina, bendi nayo ikabadilika. Akiandika "Msondo" peke yake ataletewa zaidi rekodi za karibuni. Wimbo wa miaka ya 60 na 70 mwanzoni autafute kwa jina la NUTA.

Hii ni faida pia, kwa sababu jina lililoandikwa kwenye wimbo linakuambia kipindi chake. Kwa hiyo ukipendekeza, mwandikie mambo manne: jina la wimbo, jina la bendi la wakati ule, mwimbaji au mtunzi, na mtindo, yaani jina la uchezaji ambalo bendi ilijulikana nalo. Mtindo unasaidia sana kwa kuwa wengi wanaopandisha nyimbo mtandaoni huandika mtindo badala ya bendi. Sikinde ni Mlimani Park, Kamanyola ni Maquis, Saboso ni Western Jazz, Pambamoto ni Vijana Jazz.

Mwambie pia ajaribu tahajia zaidi ya moja: Marijani na Marijan, Rajabu na Rajab, Remmy na Remi. Na ajihadhari na nyimbo zilizorudiwa miaka ya baadaye kwa kinanda na ngoma za mashine. Jina ni lile lile, ladha siyo. Dalili ya haraka: kama vyombo vya kupuliza vinasikika kama kinanda, aache, atafute nyingine.

Asitafute "albamu" ya dansi la miaka hiyo kama anavyotafuta albamu ya leo. Bendi nyingi zilirekodi wimbo mmoja mmoja kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikapigwa redioni. Albamu unazoziona sasa zilikusanywa baadaye, na mpangilio wake ni wa mkusanyaji.

SWALI: Nataka kumtumia rafiki albamu nzima kwa simu. Bando lake dogo. Nifanyeje? – Mfanyabiashara, Mwanga, Kigoma

JIBU: Piga hesabu kwanza. Faili ya MP3 ya kbps 128 (kbps ni kipimo cha ubora wa faili) hula karibu MB 1 kwa dakika. Ya kbps 320 hula karibu MB 2.4. Albamu ya dakika 45 ni MB 43 kwa ile ndogo, MB 108 kwa kubwa. Kwa rekodi za zamani za mono, ambazo kushoto na kulia husikika sawa, 128 inatosha. Kwa muziki mpya wenye besi nzito, tafuta 192 au zaidi. Usibadilishe faili ya 128 kuwa 320: ukubwa utaongezeka, sauti itabaki ile ile.

Ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati, siyo kama sauti. Ikienda kama sauti, mara nyingi simu yake itaihifadhi kwa jina la AUD na tarakimu, na baada ya wiki hajui ipi ni ipi. Usiuchezee wimbo kwenye spika ukaurekodi kwa ujumbe wa sauti. Njia hiyo imetengenezwa kwa maongezi, na matoazi yatageuka kuwa "shhh". Mkiwa pamoja, tumieni Bluetooth bila bando, ila kwa albamu ya MB 100 mtasubiri dakika kadhaa. Na kama albamu inauzwa, mnunulie. Msanii naye anakula.

SWALI: Shikamooni. Shemeji yangu anatoka Kalemie, Kongo, masikio yake ni rhumba tupu. Nimpe nini cha huku kwetu? – Kijana wa Kibirizi, Kigoma

JIBU: Marahaba. Anza na Orchestra Maquis: wanamuziki waliotoka Kongo wakaweka makazi Dar es Salaam na kuimba Kiswahili. Magita atayatambua mara moja, kipya kwake kitakuwa maneno. Remmy Ongala naye alizaliwa Kindu, huko huko Kongo. Hapo umempa daraja. Kwa Kigoma yenyewe, mpe "Leka Dutigite" wa Kigoma All Stars, wa 2012, ambamo wamo Diamond Platnumz, Linex na Mwasiti. Mwambie mapema kwamba ni wimbo wa sauti nyingi zinazopokezana, asisubiri sebene, ile sehemu ya kasi ya magita katika rhumba.

Naye muombe akupe moja. Akikupa "Mario" wa Franco, mwanamuziki wa Kongo, wa 1985, usiusikilize ukiwa njiani. Ni mrefu, na nguvu yake iko kwenye yale maongezi yanayorudi juu ya gita. Akikupa albamu *Loi* ya Koffi Olomidé, naye wa Kongo, ya 1997, hiyo ni ya kuchezwa.

SWALI: Nimpe rafiki muda gani kabla sijamuuliza kama alisikiliza? – A., Isevya, Tabora

JIBU: Wiki. Usimuulize "umeupenda?", maana atajibu "ndiyo" kukuridhisha. Muulize sehemu gani aliirudia. Kama hakuna, badilisha msanii, usimwongezee nyimbo za yule yule.